Ili Mahindi Yasiogope Moto

Kabla ya kuyatia mahindi chunguni, Doña Eufemia huyapulizia. Huinamisha kichwa chake chenye mvi juu ya ndoo, akafumba macho, akayapulizia taratibu kama anayepoza uji wa mtoto, ndipo huyamimina kwenye maji. Siku yangu ya kwanza kazini kwake nilidhani bibi wa watu ana pumu.

Kiwanda chetu ni chumba kimoja kirefu mtaani Phillips, nyuma ya duka la mpwa wake. Tunatengeneza chapati nyembamba za mahindi, ambazo wenyewe wa Meksiko huziita tortilla. Niliipata kazi hiyo mwezi wa Februari, theluji ikifika magotini, na nyumbani nikadanganya kwamba nimepata kazi ya usafi. Naishi Richfield, mwendo wa basi kutoka hapo, na mama yangu na binti yangu Kasika, na kwetu mahindi hayavuki mlango. Ugali wetu ni wa muhogo. Kasika akija na bisi kutoka shuleni, huzilia nje kwenye ngazi, koti mwilini, vidole vikiganda kwa baridi.

Sababu naijua, ingawa haijawahi kusemwa mezani. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, katika kambi ya wakimbizi, malori ya maharage yalikatika. Mwaka mzima tuligawiwa unga wa mahindi peke yake. Mimi nilizurura na wenzangu tukila panzi na karanga za kuokota. Mdogo wangu Héritière, wa miaka minne, alikula alichopikiwa. Akaanza kubabuka mikono. Kisha weusi ukamzunguka shingoni kama mkufu. Akaharisha, akasahau majina yetu, akafa. Majirani walinong'ona kwamba mama yake kamlisha kitu, halafu wakaacha kunong'ona, wakasema. Mama hakujitetea. Tangu siku ya maziko hajalitamka jina la mtoto yule, nami nikajifunza kulimeza kila liliponijia.

Wiki yangu ya pili kazini, ya kwanza kuwekwa kwenye vyungu, nikafanya maajabu. Doña Eufemia alikuwa ametia unga mweupe chunguni, akatoka kupokea mzigo. Nikasogea, nikanusa. Chokaa! Kitu tulichopakia kuta za kanisa na kumwagia vyooni! Nikajua macho yamemchoka, kachanganya mikebe. Kwa huruma yangu yote nikamwaga yale maji, nikayasuuza mahindi mara tatu, nikayabandika upya katika maji safi. Sikumwambia, nisije nikamwaibisha mtu mzima. Nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni basi zima.

Kesho yake mahindi yalikuwa yameshikilia maganda yake kwa ukaidi. Tulipoyasaga, donge halikushikana. Kila chapati ilipasuka kwenye bamba la moto, na harusi ya watu ilikuwa inazisubiri. Doña Eufemia alitafuna punje moja, akanitazama.

"Umeyaosha," alisema. Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa vizuri.

Nikamwambia ukweli wote, vyoo na kuta za kanisa. Nilingoja kufukuzwa. Yeye akacheka mpaka akaketi juu ya gunia.

"Ulitaka kuniokoa!"

"Ndiyo, Mama."

Alijifuta machozi, kisha akanieleza. Wazee wao, waliojenga mahekalu ya mawe na kuhesabu mwendo wa nyota, walichemsha mahindi kwa chokaa au majivu tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka. Punje imejifungia sehemu ya lishe yake ndani, na chokaa ndiyo huifungua. Bila chokaa tumbo linajaa, lakini mwili unakosa.

"Halafu wakaja Wahispania," alisema. "Vitabu vyetu walivichoma. Mahekalu waliyabomoa, wakajenga makanisa kwa mawe yaleyale. Mbegu waliipakia melini, ikaenea dunia nzima. Jinsi ya kuipika hawakuuliza. Nani angewajibu? Sisi tuliokuwa jikoni? Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kuongea lugha yake."

Alichambua mahindi yaliyoharibika.

"Huko yalikokwenda, maskini waliokula mahindi matupu waliugua. Mjukuu wangu anasomea mambo ya lishe chuo kikuu, alinionyesha picha. Mikono inababuka. Na hapa." Akapitisha kidole shingoni mwake, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Nilishika ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane nilimsimulia mtu habari za Héritière, na nilizisimulia vibaya, kwa lugha ya kuokoteza, huku nikilia. Nilipomaliza alijaza mahindi katika mfuko mdogo, akaweka na mkebe wa chokaa.

"Mpelekee mama yako."

"Atautupa."

"Mpelekee."

Siku tatu mfululizo niliupakata mfuko ule ndani ya basi hadi Richfield, na siku tatu nikaurudisha. Sikuogopa kwamba Mama hataamini. Niliogopa ataamini. Ugali ule alikuwa ameupika nani, kama si yeye? Nikimwambia kilichomwua mtoto, je, nitamtua mzigo, au nitautia muhuri?

Jumapili, baada ya kanisa, aliukuta mwenyewe chini ya koti langu.

"Iko nini mu hii mfuko?"

"Mahindi, Mama."

"Toa ile kitu mu nyumba yangu."

"Mama, kazi yangu ni ya mahindi. Tangu février. Kaa kwanza, tafadhali."

Alikaa, labda kwa sababu ya sauti yangu. Nikamweleza yote: chokaa, meli, watu waliougua ng'ambo, picha ya shingo. Kasika alikuwa kwenye kochi. Alizima simu yake bila kuambiwa.

Mama alitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Donc, kumbe ni ugali," alisema. "Donc ni hii mikono."

"Hapana, Mama..."

"Acha niseme. Siku za mwisho alikuwa anakataa kula. Miye nikamulazimisha. Nikasema, kula, mutoto yangu, upate nguvu." Alikunja vidole. "Nilikuwa namushika kinywa, Pascasie."

Nilipiga magoti nikaishika mikono ile, migumu, yenye harufu ya sabuni, na nilimpenda mama yangu kuliko nilivyowahi kumpenda. Nje gari la kukwangua theluji lilipita, likarudi.

"Wale wazungu wenye walileta mahindi kwetu," alisema hatimaye. "Walijua namna ya kuyapika?"

"Hawakuuliza, Mama."

"Hata mama moja hawakumuuliza?"

"Hata mmoja."

"Na miye, nani angenifundisha?"

"Hakuna mtu, Mama. Hakukuwa na mtu."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kimyakimya kama anavyolia kanisani. Alilia kwa sauti, kama siku ya msiba, kilio alichokuwa ameibiwa na majirani. Nilimwacha alie.

Alipotulia alinawa uso, akafunga kitenge vizuri, akashusha sufuria kubwa. Alimimina mahindi kwenye bakuli, akayakoroga kwa vidole, kwanza kwa woga, halafu kama mtu aliyezoea.

"Ile chokaa inaingia kiasi gani?"

"Kijiko kimoja. Lakini kuna kitu kingine kwanza." Niliona haya kidogo. "Yule mama wa kazini huyapulizia."

"Anayapulizia juu ya nini?"

"Anasema ili yasiogope moto."

Nilitegemea atanicheka. Mama aliegemeza mikono pande mbili za bakuli, akainama. Alipuliza mara moja, taratibu. Nilidhani amemaliza, nikanyoosha mkono kulichukua bakuli, lakini alibaki ameinama vilevile, midomo yake ikikaribia kugusa punje.

"Héritière," alisema. "Usiogope."

Kasika alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Who's Héritière, Koko?" alimwuliza bibi yake.

Mama hakuinua kichwa. Alisogea kidogo tu pembeni, akampa mjukuu wake nafasi kwenye bakuli.