Kuni za Mama Evod

Kengele ya kigango chao, karibu na Mofu, ilikuwa bado inaning'inia tawini siku Katarina alipoomba asikie kengele ya msiba wake mwenyewe.

"Baba Evod, kapige," alisema kutoka kwenye mkeka wake kibarazani. Alikuwa amekonda mpaka pete yake ya ndoa ilivaliwa kidole gumba. "Kesho lori likija, ndiyo basi tena."

Wendelin, mumewe, alikuwa mpiga kengele tangu ujana. Siku walipomzika Evod, mtoto wao wa pekee, waliahidiana kwamba atakayetangulia atapigiwa kengele ileile. Sasa kengele ilikuwa inarudishwa ilikotoka. Ililetwa zamani na padri aliyezaliwa katika kijiji kidogo cha Ufaransa, na jina la kijiji hicho limechongwa ukingoni mwake. Mwezi uliopita wageni walikuja kutoka huko. Walisema kijijini kwao wamebaki wazee wachache, shule imefungwa, duka la mikate limefungwa, nao wanakusanya vitu vya asili yao kabla havijapotea vyote. Bibi mmoja aliikumbatia kengele, akalia kwa kwikwi. Viongozi wa kigango wakakubali kuitoa, wakaahidiwa vipaza sauti badala yake. Wendelin alitaka kumchukia yule bibi, akashindwa. Angemchukiaje mtu anayelilia kitu kilekile?

Kilichomtafuna ni kingine. Tangu asubuhi alikuwa amejikuta akiomba mkewe afe leo, ili aiwahi kengele. Alijionea kinyaa. Ndiyo maana hakubishana naye; alikwenda, akashika kamba.

Kengele ya msiba ilikuwa na mwendo wake: pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine. Mpunga ulikuwa unavunwa. Watu waliweka miundu chini, na kama ilivyo ada, kila nyumba ikaja na mzigo wa kuni za matanga. Jirani yao Balbina alitangulia, kuni kichwani, analia kwa sauti. Alipofika kibarazani alimkuta marehemu amekaa, ameegemea ukuta.

"Shikamoo, dada," alisema Balbina, maana hakupata neno jingine.

"Marahaba. Umenililia vizuri, mdogo wangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Tadei alitua mzigo wake kwa kishindo. "Wendelin, msiba hauchezewi," alisema. Nao wengine wakatua mizigo yao, kwa kuwa kuni za matanga zikishatoka nyumbani hazirudishwi, wakaenda zao.

Kesho yake kengele iliondoka, imeviringishwa mablanketi kama mgonjwa. Katarina hakufa wiki hiyo, wala iliyofuata. Majirani walianza kupita njia ya mbali. Baridi ya Julai ikaingia, na Wendelin akawa anaokota vijiti vibichi kando ya mto, huku rundo la kuni kavu limeegemea ukuta wake. Hakuthubutu kuligusa.

Asubuhi moja Katarina alishindwa kushika kikombe kwa kutetemeka.

"Baba Evod, kuni zote zile, na mimi nakufa kwa baridi?"

"Zile ni zako," alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi ni zangu. Washa."

Akauchomoa mzigo wa Balbina, akawasha. Kuni zilikuwa kavu, zikashika upesi, na moshi ukapanda juu ya paa. Kule mashambani Balbina aliinua kichwa, akautazama moshi, akadhani matanga yameanza, na kwa mazoea akatega sikio akisubiri kengele. Alisubiri kitambo, kisha akainama tena.