Ukuta wa Mbele

Mvumilivu hula mbovu. Waliosema mbivu hawakuwahi kuolewa na Athol Tuckwell, wala hawakukaa miaka kumi na mmoja wakitazama karavani iliyofungwa turubai la buluu nyuma ya nyumba, mvua za mji wao wa Ulverstone zikiichapa kutoka baharini, na mwenye mali akisema, "Taratibu, Ned. Kitu cha asili hakiharakishwi."

Ned ndiye Nerida, mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akisubiri.

Karavani yenyewe, chumba cha kulala cha kuvutwa na gari, ilikuwa ndogo, futi kumi na mbili, mviringo mbele na nyuma kama mkate uliofura kwenye kopo. Baba yake Athol, Mzee Clarrie, aliiunda kwa mikono yake mwaka 1959, hapo hapo uani, kwa plaiwudi na vipande vya mbao alivyokusanya huku na huko, akifuata mchoro aliokata gazetini. Kila Krismasi aliivuta hadi kambi ya mtoni Arthur River na mke na watoto wanne. Kabla ya kurudi aliandika mstari mmoja kwa penseli kwenye ukuta wa mbele, kwa ndani, chini ya dirisha: mwaka, samaki wangapi, mvua siku ngapi, nani kalia. Ilikuwa mistari ishirini na sita. Wa mwisho, wa mwaka 1984, ulisema: *Samaki tisa. Mvua siku nne. Athol kaleta msichana, anacheka hata kwenye mvua.* Msichana huyo alikuwa Nerida.

Clarrie alipofariki, Athol aliapa kuirudisha karavani kama ilivyotoka mkononi mwa baba yake. Asili tupu. Alisubiri miaka miwili kupata kishikio cha dirisha. Alisubiri mwaka na nusu kupata kitasa. Kila alipomaliza kugusagusa aliifunga turubai na kulikaza kwa kamba, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga asipigwe na baridi. Sasa alikuwa anasubiri kioo chekundu cha taa ya nyuma.

Nerida angeendelea kuvumilia, kama si mkono wa kulia wa mumewe. Ulianza kutetemeka majira ya baridi yaliyopita, kidogo tu, kiasi cha kijiko kugonga kikombe. Ugonjwa ulikuwa na jina, na daktari alilitamka polepole. Kuhusu kuendesha gari, alisema Athol arudi mwezi Machi apimwe tena. Mdomo wake ulisema tutaona, macho yake yakasema hapana. Na sasa ilikuwa Februari, wiki ya pili. Nerida alitaka kitu kimoja duniani: Athol aivute karavani ya baba yake hadi Arthur River, mwenyewe akiwa kwenye usukani, kabla hawajamnyang'anya leseni. Alishaweka nafasi kambini. Ijumaa.

"Ijumaa haiwezekani," Athol alisema. "Taa haina kioo."

"Weka cha dukani."

"Cha plastiki?" Alimtazama kana kwamba amemwambia amzike Clarrie ndani ya mfuko wa taka.

Jumanne asubuhi alikwenda Launceston, kwa mtu wa chama chao cha karavani za zamani aliyesema anacho kioo hicho. Gari lilipokata kona, Nerida alichukua kisu cha jikoni, akaenda nyuma ya nyumba, akakata kamba za turubai moja baada ya nyingine.

Harufu ilitoka kwanza, ya uyoga na viatu vilivyolowa. Turubai lililokazwa halizuii mvua peke yake, linazuia na pumzi. Karavani ilikuwa imetokwa jasho humo ndani mwaka baada ya mwaka, na jasho halikuwa na pa kwenda isipokuwa ndani ya mbao. Nerida aliweka ncha ya bisibisi chini ya dirisha la mbele, akasukuma kwa kidole kimoja. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

"Glenys!" aliita juu ya uzio. "Una shughuli?"

"Nina miaka sabini na tatu na paka mmoja," jirani akajibu. "Shughuli gani?"

Glenys Quaife alikuwa amepika miaka thelathini kwenye mabanda ya wakata manyoya ya kondoo, na mabega yake yalikuwa bado ya mtu aliyezoea kubeba masufuria ya wanaume arobaini. Aliizunguka karavani mara moja, akabonyeza huku, akanusa kule.

"Ukuta huu umekufa, shoga. Umesimama kwa rangi tu."

"Nautoa leo. Plaiwudi mpya iko bandani, mwaka wa tatu sasa. Bwana bado anaisubiri ikauke."

"Athol anajua?"

"Atajua."

"Hilo siyo jibu."

"Wala hukuuliza swali zuri. Shika hapa."

Waling'oa utepe wa alumini kwenye kona. Chini yake Nerida akakuta kitu kilichomsimamisha. Ulikuwa mstari mrefu, mweupe, laini kama mafuta ya nguruwe yaliyoganda. Aliuvuta, ukanyumbuka. Silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia nyufa.

Mke wa Athol hakuhitaji kuambiwa maana yake. Silikoni ni dhambi. Athol alilihubiri hilo kwenye kila mkutano wa chama: ikishagusa mbao, gundi haishiki tena, rangi haishiki tena, na maji yaliyo ndani yanafungiwa humo yakiila. Mzee Clarrie hakuwa nayo mwaka 1959. Mtu aliyeitia hapa aliitia kwa ustadi, akaifunika kwa rangi ya maziwa iliyolingana na ya zamani hivi kwamba jicho lisingeona. Mtu mwenye mikono ya namna hiyo alikuwa mmoja tu.

"Alijua," Nerida alisema.

 

Yalibaki maandishi. Nerida aliingia ndani, akapiga magoti, akachora mstari kuzunguka kazi ya Clarrie, akaanza kukata kwa msumeno mdogo, taratibu kuliko alivyowahi kukata kitu chochote. Glenys alishikilia sinia la keki chini yake. Mistari ya juu ilitoka vizuri, kipande kizima. Kisha msumeno ukafika penye unyevu na mbao ikaacha kuwa mbao. Ilimomonyoka. Nerida aliweka kiganja kuizuia, kiganja kikabaki na unga wa kahawia, na ndani ya unga huo mikato ya penseli ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Mistari kumi na tano ilipona. Kumi na mmoja ya mwisho ilikwenda, na samaki tisa, na mvua siku nne, na msichana.

Alikaa akilia, akiutazama mkono wake. Halafu akaukung'uta juu ya sinia, akasimama.

"Tuendelee."

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu mwenye hasira. Karavani ya plaiwudi haina mifupa ya kujitegemea, ngozi yake ndiyo inayoishikilia. Huvui ngozi kabla hujaweka gadi, nguzo za kulishikilia paa, na Nerida alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini aliutoa ukuta wote wa mbele, akabakiza dirisha tu likining'inia kwenye boriti na fremu yake, akafungua na kona ya kushoto. Alipokwisha kuchomoa skrubu ya mwisho, paa lililia.

Ilikuwa sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Kisha kona ikashuka, upana wa vidole viwili.

"Shikaaa!" Glenys akapiga kelele. Alikuwa ameshaingiza bega chini ya boriti ya mbele. Nerida akarukia kona, akaisukuma kwa viganja vyote viwili juu ya kichwa. Ikasimama. Dirisha la mbele, kioo cha Clarrie chenyewe, likaanza kulia ndani ya fremu yake: tiki, tiki.

"Jeki iko wapi?" Glenys aliuliza kwa meno yaliyokazwa.

"Bandani."

"Kalete."

"Nikiachia inaanguka."

"Basi tufanyeje, tuimbe?"

"Usinichekeshe, Glenys, nitaachia."

Hawakujua walisimama muda gani. Jasho lilimwingia Nerida machoni. Mikono yake ilianza kutetemeka, yote miwili, na akawaza kwamba hivi ndivyo mwenzake anavyoishi kila siku, mwili ukifanya usichouagiza. Paa likashuka tena, unywele. Tiki.

Ndipo waliposikia gari.

Athol alitokea kwenye kona ya nyumba akiwa na kioo chekundu, amekifunga kwenye leso, amekibeba kama yai. Aliona turubai chini. Aliona mbele ya karavani ikiwa wazi, na wanawake wawili wamesimama chini yake kama nguzo.

"Mmefanya nini?"

"Baadaye!" mkewe alifoka. "Jeki!"

Aliweka leso juu ya nyasi. Alikimbia, Athol ambaye hakuwa amekimbia tangu majira ya baridi, akarudi na jeki na ubao. Aliingia chini ya boriti, akaweka ubao, akaweka jeki, akachukua mpini wake autie kwenye tundu.

Mkono wa kulia ulikataa. Mpini uligonga ukingo wa tundu, ukagonga tena, ukadondoka. Aliuokota. Ukagonga. Nerida aliona sikio la mumewe likiwa jekundu, naye hakuweza kuachia kona wala kugeuza uso.

"Athol," Glenys alisema kwa upole mbaya, "bega hili ni la bibi kizee."

"Najua!"

"Wa kushoto," Nerida alisema. "Upe mkono wa kushoto."

Alihamisha mpini. Mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa wa kushikia chai tu, ukauingiza mara ya kwanza. Jeki ikapanda. Paa likaguna, likainuka, na uzito ukaondoka mikononi mwa Nerida ghafla hivi kwamba nusura aanguke. Athol hakuishia hapo. Alikata mbao mbili kwa kukadiria kwa macho, akazigonga mahali pake kwa mkono ule ule wa kushoto, gadi moja kulia, gadi moja kushoto. Dirisha likanyamaza, kioo kizima.

Ndipo wakatazamana.

"Ungeningoja," Athol alisema.

"Nimekungoja miaka kumi na mmoja." Nerida aliinua ule utepe mweupe wa silikoni, ukaning'inia baina yao. "Hii ya nani? Ya baba yako?"



"Nilipaona hapo palipooza miaka mitatu iliyopita," Athol alisema. "Kidole kiliingia. Nikaziba, nikasema nitaparudia."

"Ukakaza turubai."

"Ningefungua, ingebidi nikate. Na maandishi yako pale pale. Ungekata wewe? Ungekata mkono wa baba yako?" Sauti yake ikashuka. "Halafu mkono huu ukaanza. Nikisema imekamilika, Ned, tunakwenda Arthur River, tunarudi, basi. Kimebaki nini? Machi."

"Ungeniambia."

"Ungenipa tarehe. Ungenipa Ijumaa."

"Ndiyo. Ningekupa Ijumaa."

Macho yake yaliliona sinia. Alilisogelea, akaona kile kipande chenye mistari kumi na tano, na kando yake rundo la unga. Aligusa unga kwa kidole. Uso wake ulijifunga kama mlango.

"Mimi paka wangu ananiita," Glenys alisema, akaondoka akijishika bega. 

Athol alizungumza akiwa ameinama juu ya sinia.

"Ukuta nitauweka. Plaiwudi ipo, gundi inakauka kwa siku moja. Alhamisi naunga taa. Ijumaa ningeweza kuendesha." Akageuka. "Lakini sitaishika ndoano ya kuvutia karavani kabla hujaniomba radhi. Hii. Hii hapa. Ilikuwa mistari ya mwisho aliyotuachia baba na wewe umeigeuza unga. Sema pole, Ned. Neno moja, na Ijumaa tunakwenda."

Nerida alijua uzito wa neno hilo. Angeweza kulitoa. Wanawake wengi hulitoa kila siku kama chenji, wapate kulala. Ijumaa ilikuwa pale, umbali wa pumzi moja, na mumewe kwenye usukani, na mto wenye maji ya rangi ya chai. Alitazama kiganja chake, ambacho bado kilikuwa cha kahawia.

"Mstari wa mwisho ulikuwa wangu," alisema. "Nimeuona ukienda, mkononi mwangu. Nimelia, hukuwepo. Lakini msumeno haukuula, Athol. Msumeno umefika mezani chakula kimekwisha. Uliula wewe, kwa silikoni na turubai, miaka mitatu, huku ukiniambia taratibu."

"Neno moja tu, Ned."

"La paa, nilikosea. Nilikuwa na hasira, sikuweka gadi, nusura nimuue Glenys. Nitamwomba Glenys radhi. Lakini la ukuta?" Alivuta ule utepe wa silikoni, akauviringa kidoleni, akautupa kwenye ndoo ya taka. "Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa nimekaa kiti cha abiria. Ukija, kaa kwenye usukani tuondoke. Usipokuja, nitahamia kwenye usukani mimi. Wewe radhi sikuombi. Si leo, si Ijumaa, na wala si Machi."