Vyama Kumi vya Marodoka

Maoulida wa Marodoka, kijiji cha kisiwa cha Nosy Be, hakuwa mwongo kwa kawaida yake. Alikuwa fundi cherehani aliyemaliza kanzu ya mtu siku aliyoahidi, na kwa mafundi hilo si jambo dogo. Uongo wake mkubwa aliusemea mjini Mahajanga, kwenye mkeka wa shemeji yake, tumbo likiwa limejaa. Mtu aliyeshiba ulimi wake hauna mlinzi.

Ilikuwa sikukuu ya uhuru, mwaka wa pili tangu bendera ya Wafaransa ishushwe. Serikali mpya ilikuwa imetangaza kwamba kila chama cha raia kijitokeze kionekane, na Mahajanga ilijitokeza kweli. Maoulida alisimama kando ya barabara tangu asubuhi. Wakapita wapagazi wa bandarini na kamba zao mabegani. Wakapita wanawake wa upatu, sare tupu, kama waliokatwa kwenye jora moja. Wakapita walimu, wakapita Wahindi wanaoendesha zahanati ya maskini, wakapita Wasakalava wanaotunza makaburi ya wafalme wao, wakapita watu wa mpira waliokuwa wakitukanana hata kwenye gwaride. Mtaa wa Tsaramandroso peke yake, walikojaa Wangazidja na Wanzwani, ulitoa vyama mpaka macho yakachoka: cha mazishi, cha madrasa, cha maulidi, cha muziki wa harusi, hata cha watu wa kijiji kimoja cha Ngazidja walioapa kuchimba kisima kwao.

Jioni ile Djaanfar, kaka wa mkewe, alimtazama mbele ya wenzake waliojaa barazani.

"Haya, fundi. Na nyinyi wa Nosy Be mna nini? Au mnakaa tu mnanusa milangilangi?"

Watu wakacheka. Maoulida alisikia masikio yanawaka. Marodoka walikuwa na chama kimoja, mwenyekiti wake yeye mwenyewe, na hata jina hakikuwa nalo. Watu walikiita "chama", basi. Kilizika wafu, kilipaka msikiti chokaa, kilimpikia mzazi asiye na mama, kilicheza mpira na kijiji jirani cha Ambanoro kikafungwa. Angeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angemcheka tena. Badala yake akasema:

"Tunavyo kumi."

"Kumi! Marodoka ileile ninayoijua mimi?"

"Kumi. Na kimoja kinasubiri kibali."

Hicho cha kusubiri kibali ndicho kilichomponza. Ukitia uongo nakshi, watu hutaka kuutazama kwa karibu.

"Basi tutakuja," Djaanfar akasema. "Mfungo sita, kwa maulidi. Kila chama chetu kitamtembelea ndugu yake. Ndiyo desturi."

Maoulida akarudi kisiwani na meli ya mizigo. Hakulisema jambo hilo mpaka alipoona mwezi wa mfungo sita umeandama na hana pa kukimbilia. Akawaambia wanaume wa chama chake kwenye baraza ya msikiti, akitazama miguu yake.

"Umesema vingapi?" akauliza Mmadi, muadhini, mzee mwenye goti bovu.

"Kumi."

"Ungesema viwili, mwenyekiti, tungejikaza. Mimi na goti hili nitakuwa chama gani?"

"Cha mpira," akadakia Abdou muuza samaki. "Golikipa. Goli si linakaa mahali pamoja?"

Wakacheka mpaka imamu akachungulia. Walimcheka, lakini hawakumtupa. Maoulida ndiye aliyewashonea kanzu za harusi, na hata sanda za wazazi wao, na hakutaka ujira. Hawakuwa tayari kuona anavuliwa nguo mbele ya wageni. Akawashonea mikanda ya kuvaa kifuani, rangi kumi, kila chama na rangi yake. Wavaaji walikuwa walewale.

Siku ya wageni ikafika. Walikuja wengi kuliko alivyotazamia, na dufu zao, na zawadi mikononi: mkeka kwa ajili ya madrasa, mpira mpya wa ngozi kwa ajili ya wachezaji. Maoulida alikuwa amepanga wapelekwe nyumba kwa nyumba, kila nyumba na chama chake. Wageni wakinywa chai kwenye nyumba moja, wenyeji walipenya uani, wakapita nyuma ya ua, wakabadilisha mikanda na kuwangojea kwenye nyumba ya pili wakiwa na nyuso za watu ambao hawajawahi kuwaona. Abdou alijitambulisha kuwa mweka hazina wa chama cha muziki huku kinywa chake kikiwa bado na keki ya chama cha madrasa. Mmadi alifika kila mahali wa mwisho, akihema.

Kwenye nyumba ya tano mtu alimvuta Maoulida mkono wa kanzu, karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa Koulsoum, mchuma milangilangi wa Ambanoro. Akasema naye kwa Kimalagasi, taratibu.

"Fundi, Koko Echata amefariki. Tangu alfajiri. Sisi wanawake tumeshamwosha na kumvika sanda. Inabaki kazi yenu."

Koko, yaani bibi, ndivyo kila mtu alivyomwita yule mwanamke. Aliletwa kutoka Nzwani akiwa msichana, akazika mume, akazika na watoto, akabaki peke yake na mti wake wa mlangilangi. Hakuwa na ndugu kisiwani ila chama. Kila Idi alileta fungu lake la mchele, hata mwaka wa kimbunga, na kila alipolileta alikumbusha neno moja: nikifa, msinilaze nikangoja.

Na kanuni ilijulikana. Mwenyekiti akipata habari ya msiba, ngoma ya msikiti inapigwa, na kila mwanamume anaacha alichoshika. Maoulida aliwatazama wenzake wakivalishana mikanda ya bluu nyuma ya ua. Ngoma ikipigwa sasa, nyumba tano zilizobaki zitakuwa tupu, na Djaanfar atasimama katikati ya nyumba tupu akicheka.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wageni wale kwanza."

Koulsoum akamtazama.

"Wale kwanza?"

"Kitambo kidogo tu. Wakishakula."

"Haya. Nitamwambia Koko awe na subira. Bahati nzuri amezoea kukaa peke yake."

Akaenda zake. Maoulida hakumwita arudi.

Nyumba zote zikaisha. Adhuhuri wakaswali, wageni na wenyeji, msikiti ukafurika mpaka nje. Imamu alipotoa salamu aligeuka, kama afanyavyo siku zote, akamtazama mwenyekiti. "Kuna tangazo?" Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema neno moja tu angekuwa amesamehewa nusu. Maoulida akatikisa kichwa: hakuna.

Chakula kikaletwa, ng'ombe mzima na pilau, kisha hotuba. Vyama kumi vina wasemaji kumi, na kila mgeni alitaka kujibu. Maoulida alisikia kila neno na hakuelewa hata moja. Alitazama kivuli cha ukuta kikitambaa juu ya mikeka na kufikiri juu ya jua la Ambanoro na chumba kile kidogo cha mabati alimolazwa Koko.

Ndipo ngoma ya msikiti ikalia.

Aliyekuwa akiipiga ni Koulsoum, mwanamke, jambo ambalo Marodoka halijapata kuonekana. Aliipiga vibaya, bila mpangilio, kwa nguvu zake zote. Na wanaume wakainuka. Wakainuka kutoka kila safu, wa rangi ya bluu, wa njano, wa kijani, na kila aliyeinuka alivua mkanda wake na kuuacha mkekani, maana mazishini hawaendi watu na mapambo. Vyama kumi vikawa kimoja mbele ya macho ya wageni. Hiyo ndiyo aibu aliyoiogopa Maoulida tangu Mahajanga, na sasa ilikuwa imesimama mbele yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa akiitazama.

"Nani amefariki?" Djaanfar akauliza.

"Echata binti Soudjay," Koulsoum akajibu kutoka mlangoni, kijiti bado mkononi. "Tangu alfajiri. Mwenyekiti anajua."

Mmadi akageuka pole pole kwa sababu ya goti.

"Unajua?"

Maoulida naye akainuka.

"Najua," akasema. "Nilikuwa najua hata msikitini."

Hakuna aliyemtukana. Djaanfar ndiye aliyemsogelea, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Shemeji. Huyu mzee wa goti tulimwona nyumba ya pili, na ya tatu, na ya nne. Tulicheka, tukanyamaza. Unadhani sisi Mahajanga tuko wangapi? Mimi peke yangu nimo kwenye vyama vitano, nabadilisha kofia tu. Hilo si kosa, ni maisha. Lakini maiti, shemeji! Maiti tena?"

Akakunja mikono ya kanzu, akauliza majembe yako wapi.

Wakachimba pamoja, wa Mahajanga na wa Marodoka, kwa zamu. Maoulida alishika jembe na hakuna aliyemzuia. Lakini kwa wengine, mtu akianza kutoka jasho, mwenzake alimwambia "lete, nikupokee". Yeye hakuambiwa. Akachimba mpaka kaburi likaisha.

Koko Echata akaswaliwa, akalazwa ardhini baada ya alasiri, udongo ukarudishwa, dua ikasomwa. Kisha watu wakajipanga kutoa mkono. Kwa kawaida mkono wa pole hupewa ndugu wa marehemu, na asiye na ndugu husimamiwa na mwenyekiti wa chama upande wa kichwa cha kaburi. Maoulida akarudi nyuma, akamshika Mmadi bega.

"Simama wewe. Nakuomba."

"Mimi si mwenyekiti," Mmadi akasema. "Koko alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsimamia. Simama."

Akasimama. Wakapita mmoja mmoja, mikono yao ina udongo, na kila mmoja akamwambia yale maneno anayoambiwa mfiwa: pole, Mungu akupe subira. Alingoja mmoja wao aseme kitu kingine. Alipokuja Djaanfar alimwangalia usoni, karibu amsihi amtemee mate na yaishe. Djaanfar akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akatoa pole kamili, bila kupunguza neno, akapita. Na nyuma yake foleni ilikuwa bado ndefu.