Laini Iliyobadilisha Mwenyewe

Mwenye duka la dawa hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ijumaa uniletee karatasi inayoonyesha hudaiwi," alisema. "Mtu anayeandamwa na madeni simkabidhi droo ya pesa." Kisha akaendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Sawa, mama," Kidoti alijibu, akainama kufuta kioo cha kaunta alichokwisha kukifuta. Walimwita hivyo kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Deni lenyewe alikuwa amelimaliza. Alikopa kwa simu mama yake alipolazwa hospitalini, akashindwa kurejesha, na wadai walipozidi kumpigia akafanya walichokuwa wakifanya wenzake wengi chuoni: alichomoa laini, akaivunja, akanunua nyingine. Baadaye dhamiri ikamsuta. Akalipa kidogo kidogo kupitia kwa wakala mpaka senti ya mwisho. Lakini kampuni ya mikopo ilikuwa na utaratibu wake. Ili jina lifutwe, ilituma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyotumiwa kukopa, na mkopaji awasomee.

"Hiyo laini sina tena," Kidoti aliwaambia.

"Basi itafute. Au andika barua makao makuu, usubiri."

Jioni alimweleza dada yake, aliyekuwa anachambua mchele. Dada alicheka mpaka akasahau alipofikia kuchambua.

"Ipigie."

"Nimpigie nani?"

"Laini yako. Unadhani zinazikwa? Zinagawiwa watu wengine. Sasa hivi kuna mtu anatembea na dhambi zako mfukoni."

"Dada, usinitanie."

"Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema kubadili laini. Piga."

Alipiga akiwa amekaa chini, mgongo ukutani. Iliita sana. Kisha mwanamke mtu mzima akasema, "Nani?"

"Shikamoo, mama."

"Nimeuliza nani."

Kidoti alieleza, sauti ikififia kila neno.

"Kumbe upo," yule mama alisema. "Niliwaambia umekufa. Wakasema basi watakuja matangani." Hakuwa anacheka. "Njoo kesho. Mambo haya hayasemwi kwa simu." Akamwelekeza nyumba.

Njiani Kidoti aligeuka nyuma mara kwa mara. Je, kama wadai wenyewe wamekaa huko wakimsubiri? Alikuta chumba kimoja cha mbele, cherehani dirishani na marobota ya vitambaa hadi darini. Mama mwenyewe alikuwa mshona mapazia, mwembamba, pini zimebanwa midomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Wateja wangu wote wana namba hii. Nikiizima, nakosa kazi. Nikiiwasha, naitwa mwizi. Siku moja mkwe wangu alipokea, akaambiwa mama mkwe wake ni tapeli. Tangu hapo akinisalimia anaangalia mlango."

"Nisamehe, mama."

"Hiyo namba yako ya uthibitisho sikusomei mpaka simu zao zikome. Msamaha sijui nitaushonea nini."

Simu ikaita. Mama alishtuka, mkono ukaruka kutoka kwenye kitambaa kana kwamba kimemuunguza. "Ni wao," alinong'ona.

Kidoti aliujua mshtuko ule. Ulikuwa wake, na sasa ulikuwa unakaa katika mwili wa mtu mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akapokea na kuwasha spika.

"Leo umepokea, tapeli wewe?" Ilikuwa sauti ya kijana, karibu ya upole. "Tutakuja kubeba hata godoro."

"Anayedaiwa ni mimi," Kidoti alisema. "Mwenye simu hii hahusiki. Na nimeshalipa, risiti ninazo."

"Wote husema hivyo. Wewe uko wapi?"

Akitaja kazini, watafika, na mwenye duka atasikia kila kitu kabla ya Ijumaa. Akinyamaza, watarudi kwa huyu mama. Alitazama vidole vya mshonaji, vikikunja pindo la pazia na kulikunjua.

"Duka la dawa, mkabala na kituo cha mabasi," alisema. "Njooni mniulize mimi. Huyu mama mwacheni."

Vikasikika vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.

"Hapa salio ni sifuri," kijana alisema hatimaye, kama aliyenyang'anywa kitu.

"Basi futa namba hii kwenye orodha yenu ya kupigia. Na utume ya uthibitisho nikiwa hapa hapa."

Ujumbe uliingia. Mshonaji alivaa miwani, akazisoma tarakimu kwa sauti, polepole, na Kidoti akazirudia moja baada ya nyingine, akiogopa kukosea hata moja.

"Jina limetoka," kijana alisema. "Karatasi utaipata kesho. Ila hilo duka nimeshaliandika. Huwa tunapita kuhakiki."

Akakata.

"Wakija kweli?" mshonaji aliuliza.

"Sijui, mama." Aligeuka kwenda, akashika ukingo wa cherehani asianguke. "Kesho nitamwambia bosi wangu mwenyewe. Asubuhi, kabla hawajafika."

Mshonaji alimsogezea kigoda. "Kaa kwanza," alisema. "Hivyo huwezi kutembea."