Bei Iliyoandikwa

Siku ya kusaini nyumba, tegemea mwandishi wa hati atoke chumbani. Hapa mjini Sale, karatasi zikishakuwa tayari, yeye hukumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga, na nyuma yake mnunuzi humpa muuzaji ile pesa ambayo haitaandikwa popote. Akirudi hukohoa mlangoni, adabu tu.

Bahasha ilipita mbele ya pua yangu. Hawakuificha, kwao mimi nilikuwa kiti kingine.

Kaka yangu mdogo, Abdelhaqi, alikuwa anauza nusu yake ya nyumba ya mama yetu. Nusu nyingine ni yangu, na humo nimelala miaka hamsini na miwili. Mnunuzi, Si Mfaddal, yaani Bwana Mfaddal, alitaka kuigeuza ya kulaza watalii. Ananunua nusu ya kaka leo, na yangu nikishachoshwa na nyundo za mafundi wake.

Abdelhaqi hakuniuliza. Aliniambia walipokwisha kukubaliana, mdomo umejaa mkate wangu, tena akajisifu: "Nauza dirhamu laki tano, ila tunaandika laki moja na themanini. Watu wa kodi watajua wapi?"

Sikumpiga kwa sufuria. Nataja sufuria kwa sababu ilikuwa mkononi.

Sheria yetu inampa mshirika haki ya kuichukua sehemu iliyouzwa kwa mgeni, akimrudishia mnunuzi bei iliyo kwenye hati pamoja na gharama zake. Iliyo kwenye hati. Laki tano nisingeipata hata ningeuza meno. Laki moja na themanini niliipata: mkanda wa dhahabu wa harusi yangu, na zamu ya upatu niliyowasihi wenzangu wanipishe. Kilichobaki ni kunyamaza mpaka wasaini, na kunyamaza sikuzaliwa nako.

Mwandishi akarudi, akakohoa, akasoma hati.

"Bei umesema ngapi?" nikauliza. "Masikio yangu siku hizi ni pambo."

"Laki moja na themanini elfu, Lalla Batul."

"Na hakuna nyingine?"

"Hakuna," akasema Si Mfaddal, macho makavu kabisa.

Mwandishi akanisogezea karatasi. "Una haki ya kununua wewe kwanza. Kama unaiacha, saini hapa."

"Leo mkono unauma."

Si Mfaddal akacheka. "Mwache mama wa watu. Atanunua na nini, mikate?"

Abdelhaqi naye akacheka. Hapo ndipo niliposhikwa na moto. Mgeni akicheka, ni mgeni. Huyu nilimbeba mgongoni, nikamfulia, nikauza mikate mpaka akamaliza shule. Nikauma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu.

Wakasaini. Muhuri ukagongwa.

"Mkono umepona," nikasema. "Nainunua mimi. Bei ni hiyo aliyosoma, na hundi ya benki naipeleka mahakamani sasa hivi."

Si Mfaddal alinitazama, akatazama hati, kisha akamgeukia kaka yangu. "Nirudishie ile nyingine."

"Nyingine ipi?" Abdelhaqi alikuwa ameikumbatia bahasha kama mgonjwa wa tumbo. "Si umesema hakuna?"

"Mwizi wewe."

"Kanishtaki. Waambie na watu wa kodi."

Mwandishi alikuwa anapanga kalamu zake kwa urefu.

Abdelhaqi alinifuata ngazini. "Dada, yule mtu hataniacha. Njoo uzungumze naye. Sisi si damu moja?"

"Hiyo damu ilikuwa inacheka kule ndani."

"Nilicheka tu, Batul."

"Ungeuza tu, ningekusamehe kabla ya Idi. Sasa sijui Idi ipi. Nipishe."

Mahakamani karani alipokea hundi, akanipa fomu, kisha akaniomba nisaini taratibu, maana kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Akanipa fomu nyingine. Hiyo nayo nikaitoboa.