Kiti cha Mpiga Pasi

Jumatatu ya kwanza ya mwaka, saa mbili asubuhi, mashine za kufulia za hospitali zilizimwa kwa nusu saa ili wafanyakazi wafundishwe kuweka malengo. Hazikuwahi kuzimwa saa za kazi, hata siku ile bomba lilipopasuka na watu wakafua huku maji yamewafika kwenye vifundo vya miguu. Mashuka ya wodi ya wazazi yaliachwa ndani ya povu, na wafanyakazi kumi na wawili wakapangwa mstari mbele ya meza ya kukunjia.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mchangamfu aliyeletwa na meneja. Alivaa viatu vyeupe na kila hatua aliangalia anapokanyaga, maana sakafu ya pale haikauki.

"Fumbeni macho," alisema. "Kila mmoja aone kitu kimoja anachokitaka mwaka huu. Akione kabisa, rangi yake, harufu yake, hata akiguse. Ila jamani tuwe wakweli, msinionee magari na maghorofa. Lengo liwe la kufikika."

Mpiga pasi alifumba macho. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kwa miaka kumi na moja alikuwa amenyoosha mashuka ya hospitali ile, saa kumi kwa siku, kwa kusimama. Tangazo la ukutani lilisema kukaa kunapunguza kasi. Aliona kiti cha mbao, kirefu kiasi cha kumweka sawa na meza, chenye egemeo na mto wa buluu. Kilinukia mbao mbichi. Alipofumbua macho, kiti kilikuwa nyuma yake.

Mkunjaji wa mashuka, binti mwenye mimba ya miezi minne, aliubonyeza mto kwa kidole. "Dada, umewaza mpaka mto? Mimi nimekurupuka." Yeye alikuwa na ufunguo wa choo shingoni, umefungwa kwa uzi. Mpaka asubuhi hiyo ufunguo ulikuwa mmoja tu na ulikaa kwa msimamizi, na msimamizi alikuwa mtu wa kutafutwa.

Mfuaji, mzee waliyemwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi, alikuwa amewaza dirisha. Lilikuwa limekaa ukutani, katikati ya mashine mbili za kukaushia. Chumba kile kilikuwa chini ya ardhi, na nyuma ya ukuta ni udongo mtupu, lakini dirishani ulionekana mtaa, mtu anaanika nguo, mbwa amelala. Mvuke ulianza kutoka nje. Kofia alikohoa mara mbili, kisha hakukohoa tena asubuhi nzima.

Mkufunzi alipita na fomu, akaweka alama tatu palipoandikwa "Limetimia".

"Mmeona?" alisema. "Kumbe uwezo mnao. Mlikuwa mnajikwamisha wenyewe tu."

Mpiga pasi alitaka kumjibu. Kiti alikuwa amekiomba kwa barua mbili, na kwa mdomo mara zisizo na idadi, mojawapo akilia. Kila mara aliambiwa ombi lake linafanyiwa kazi. Lakini mashine zilikuwa zimeshawashwa, kwa hiyo alikaa na kuvuta shuka la kwanza.

Siku hiyo alinyoosha mashuka arobaini zaidi ya kawaida. Jioni binti yake, ambaye humkanda miguu kwa maji ya moto kila siku, aliishika akaigeuzageuza.

"Mama, leo haijavimba. Umefanyaje?"

"Nimekaa." Akamweleza habari za kiti.

Binti aliinua kitambaa, kikidondoka maji mkononi mwake. "Sasa kama mambo yanatimia hivyo, kwa nini hukuwaza kazi nyingine?"

"Walisema lengo liwe la kufikika."

"Na wewe ukaona unachokifikia ni kiti?" Alikitupa kile kitambaa kwenye beseni. "Yaani wamekufikisha mahali mpaka kuwaza unawaza kwa kipimo chao!"

Mama alikuwa akiitazama miguu yake.

Siku ya tatu meneja alishuka. Alikisifu kiti kwa mbao nzuri, kisha akaeleza kwamba chochote kinachotokea ndani ya saa za kazi ni mali ya hospitali, na kwamba utaratibu wa kusimama haujafutwa. Karani akakipa kiti namba na kukipandisha juu. Fundi aliling'oa dirisha kwa bisibisi, likaenda kuwekwa ofisini kwa meneja, na mbwa akaendelea kulala kulekule. Ufunguo ulirudishwa kwa msimamizi, ambaye sasa alikuwa na funguo mbili na hakupatikana vilevile.

Mpiga pasi alifumba macho sekunde moja, pasi ikiwa mkononi. Kikaja kiti kingine. Kikachukuliwa. Akawaza kingine. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa ameshawaza viti arobaini na sita, na kila kimoja alikikalia kwa muda ule ambao karani alikuwa bado anashuka ngazi. Zilikuwa dakika nne, ikizidi sana tano.

Mwezi wa nne hospitali ilifungua ukumbi wa mafunzo. Mkufunzi yuleyule alirudi, na wageni kutoka hospitali nyingine walikaa kwenye viti virefu vyenye mito ya buluu. Mpiga pasi aliitwa kutoa ushuhuda. Alifika na aproni iliyolowa, akatafuta pa kukaa. Msimamizi alimnong'oneza kwamba viti ni vya washiriki.

"Karibu mama, simama hapa mbele," mkufunzi alisema. "Tueleze ulivyoanza."

"Nimeanza kwa kusimama," alisema mpiga pasi. "Miaka kumi na moja. Hivyo viti mlivyokalia nimeviwaza mimi, kimoja kimoja, kwa sababu magoti yananiuma, na vyote nimenyang'anywa. Mkunjaji wetu wiki jana amejikojolea akisubiri ufunguo. Mtu mzima, na tumbo lake lile! Mzee Kofia anakohoa damu, na dirisha lake analo bosi, analichungulia akinywa chai. Sisi hatukushindwa kuwaza. Tumewaza vizuri sana. Waulizeni hawa wamevichukulia nini!"

Meneja alianza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Mkufunzi alijifuta machozi, akasema huo ndio ushuhuda. Mgeni mmoja aliuliza kama inawezekana kuwaza kiti chenye magurudumu, na karani akaandika.

Mpiga pasi alirudi chini. Mashuka ya chumba cha upasuaji yalikuwa yamerundikana mpaka usawa wa kifua.

"Wamesemaje?" mkunjaji alimuuliza.

"Wamepiga makofi."

Kesho yake karani alileta karatasi yenye muhuri. Mpiga pasi alipangiwa viti kumi na viwili kwa wiki, vyenye magurudumu, visikaliwe kabla ya kukabidhiwa.