Siku Kumi na Moja Ngarenaro

Nicodemo Margwe alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano katika shamba la serikali upande wa Basotu. Kambini walimjua kwa mambo mawili: hapakuwa na injini iliyomshinda, na mdomo wake ulikuwa mgumu kufunguka. Ndiyo maana mkewe Benedikta, alipomwona Januari ile anaingia ndani akicheka peke yake, aliacha mwiko ndani ya ugali.

"Bwana Dagi ametualika," Nicodemo alisema. "Sote. Na watoto."

Bwana Dagi alikuwa mwalimu wa mafundi kutoka Kanada, aliyekaa kambini miaka minne. Siku ya kuondoka aliahidi kwamba akishatulia kwao atawatumia tiketi za ndege wakae naye mwezi mzima. Sasa barua imekuja, na ndani yake kijitabu cha picha. Kilikuwa cha mji wa michezo huko Marekani, ambako alitaka kuwapeleka watoto kwa siku tano. Mji mzima ni wa kucheza tu. Kulikuwa na treni zinazopanda angani na kujipinda kama utumbo wa mbuzi, mashua zinazoingia mapangoni, na hoteli humo humo yenye minara.

Kila Jumapili baada ya misa walikaa mezani kupanga. Nicodemo alishika penseli. Letisia, mwenye miaka kumi na miwili, alisoma Kiingereza alichokiweza. Pascal wa miaka tisa alitaka treni siku zote tano. Scolastica, mdogo wao, alitaka mashua tu.

"Huko tutapikia wapi?" Benedikta aliuliza.

"Hawapiki. Wanakula hotelini."

"Siku tano?"

"Siku tano, Mama Letisia. Utakaa kama mgeni."

Mwanzoni aliiona safari kuwa ya mume wake na watoto. Lakini kufika Machi alijikuta akipalilia mahindi huku anachagua gauni la kuvaa hotelini. Kambi nzima ilikuwa imeshajua. Hata Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaigi ambaye hakupatana na shamba tangu ngano ilipomfungia njia ya kupeleka ng'ombe ziwani, alisimama mlangoni akauliza kama huko Marekani kuna nyasi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Margwe wa Dongobesh, baba yake Nicodemo. Mzee huyo hakuwahi kumsamehe mwanawe kwa kuacha ng'ombe na kwenda kuloa oili. Pasaka hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwita akae kwenye kigoda cha pembeni yake, akawaambia majirani: "Huyu ndiye anayekwenda." Akatangaza kwamba Septemba, kabla hawajaondoka, atachinja dume na wazee watawabariki.

Julai, mavuno yakiwa yamepamba moto, Benedikta alikwenda stoo kwa karani Halfani kuomba boksi.

"Boksi la nini, shemeji?"

"La kufungia nguo za safari."

Halfani aliweka kalamu chini. "Kwani hujaambiwa?"

Barua ya pili ilikuja Mei, ndefu, kwa Kiingereza kigumu, na Nicodemo aliileta kwa Halfani amsomee. Bwana Dagi alikuwa ameachishwa kazi na kuuza nyumba. Hataweza kuwapokea. Aliomba wamsamehe, hasa watoto.

"Aliniapisha nisimwambie mtu," Halfani alisema. "Nikadhani mke hahesabiwi kati ya watu hao."

Benedikta alirudi nyumbani bila boksi. Kila upande ilikuwa ngano, ya manjano, mpaka macho yanapoishia, na mashine zikinguruma ndani yake. Alisubiri mumewe aseme. Jumapili Nicodemo alitoa kijitabu kama kawaida, akalamba ncha ya penseli.

"Siku ya tatu tuanze na mashua," alisema, "maana Scolastica atakuwa amechoka."

"Sawa," Benedikta alijibu. Alishangaa kusikia neno hilo likimtoka.

Wiki tatu alivumilia. Halafu jioni moja, Nicodemo akiwa anasugua grisi mikononi kwa sabuni na mchanga, alimwambia: "Baba Letisia, Halfani amenieleza barua ya Mei."

Nicodemo aliendelea kusugua. "Nilidhani ataandika tena."

"Ameandika?"

"Hajaandika."

"Basi nenda Dongobesh ukamwambie baba."

"Nimwambieje? Wazee wameshaalikwa. Miaka kumi na tano yule mzee hakunikalisha karibu naye. Mara moja tu amenikalisha."

"Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Agosti ikaisha, likizo yake ya siku ishirini na nane ikatoka, nao wakafika Dongobesh wamebeba mabegi kama watu wanaosafiri. Uwanja ulikuwa umejaa. Wazee walisimama mmoja mmoja wakaomba, na watu wote wakaitikia. Waliomba njia iwe laini, wageni wawe na huruma, ndege isichoke katikati ya maji, watoto warudi na miguu yao. Benedikta alikuwa amembeba Scolastica mgongoni. Mara mbili maneno yalimfika mdomoni. Mara ya kwanza mama mkwe alimfunika blanketi jipya mabegani, akisema huko ni baridi. Mara ya pili dume liliangushwa. Damu ilipokwisha kumwagika aliona kwamba mlango wa kusema umefungwa.

Kesho yake watu zaidi ya thelathini waliwasindikiza mpaka kwenye basi. Nicodemo alikuwa amepanga washuke Mbulu mjini, watafute njia ya kurudi kambini kimya kimya. Lakini binamu zake wawili walipanda basi hilo hilo wakienda Moshi, wakaketi nyuma yao, wakazungumza habari za ndege njia nzima. Mbulu ikapita. Karatu ikapita. Walishuka Arusha, wakakumbatiwa na binamu, wakabaki wamesimama stendi na mabegi yao.

Nicodemo alikuwa na rafiki mtaa wa Ngarenaro, dereva wa lori aitwaye Hasani, aliyekuwa safarini mwezi huo. Jirani aliwapa ufunguo. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo lililoangalia ukuta. Nicodemo alifunga mlango akawaambia watoto wasitoke, maana watu wa Mbulu na Dongobesh huleta maharage na vitunguu saumu sokoni, na wanapita mitaa hiyo.

"Kwani wakituona kuna nini?" Pascal aliuliza.

"Tunangoja ndege. Haifai kuonekana."

Chooni walikwenda alfajiri tu, na wakizidiwa mchana Nicodemo alichungulia kwanza kama uani ni kweupe. Chakula alikifuata mwenyewe, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Joto la mabati liliwashukia kuanzia saa nne asubuhi. Kila ndege ilipopita, Pascal alisimama juu ya kitanda akauliza kama ndiyo yao. Scolastica alikaa chini akikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha, mpaka pakawa na alama nyeupe kubwa kama sahani. Letisia hakuuliza chochote.

Siku ya sita Nicodemo alitoa kijitabu mfukoni.

"Tukirudi watu watatuuliza," alisema. "Lazima wote tuseme kitu kimoja."

Benedikta aliinua kichwa. Alidhani sasa mumewe atawaeleza watoto ukweli.

"Siku ya kwanza tulifika jioni," Nicodemo aliendelea. "Tukalala kwenye hoteli ya minara. Asubuhi tukapanda nini? Pascal?"

Pascal alimwangalia baba, akaangalia picha, akaelewa upesi kuliko alivyotaka mama yake. "Treni!"

"Ukaonaje?"

"Niliogopa. Halafu nikataka tena."

"Vizuri."

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Nicodemo aliyashika mambo yale kama anavyoshika injini, kipande kwa kipande, hakuna kilichobaki nje. Walikula nini. Nani alilia. Mama alitapika siku gani. Pascal alijibu kama yuko kwenye mtihani, akasifiwa. Kwa Letisia ilikwama.

"Ulipanda treni ukaonaje?"

"Sikupanda."

"Ulipanda."

"Sikupanda, baba."

Nicodemo hakumpiga wala hakupandisha sauti. Alifunga kijitabu, na kesho yake akamuuliza tena. Na keshokutwa. Benedikta alikuwa akimwona binti yake anavyovuta pumzi kabla ya kujibu, kila siku fupi kuliko ya jana. Siku ya kumi na moja Letisia aliulizwa, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ile ya kukariri katekisimu: "Nilipanda. Niliogopa, halafu nikafurahi."

"Umeona?" Nicodemo alisema.

Benedikta aliinuka akaanza kufunga nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Dongobesh."

"Zimebaki siku kumi na sita."

"Ni zako hizo."

Nicodemo alisimama, mgongo wake ukaziba mlango. Alikuwa mtu mpana, na katika miaka yote ya ndoa Benedikta hakuwahi kutafuta njia ya kumpita.

"Utaniua, Benedikta," alisema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu Letisia azaliwe.

"Toka mlangoni."

Hakutoka. Wakatazamana hivyo, na watoto wakiwatazama, mpaka Scolastica akaanza kulia kwamba anataka haja na haiwezi kungoja. Nicodemo akageuka kuchungulia uani. Benedikta akampita, mtoto mkononi, begi kichwani, wale wengine wawili nyuma yake, na hakuelekea chooni.

Walifika Dongobesh kesho yake. Mzee Margwe alikuwa anapura maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndege imeharibika?"

"Hakukuwa na ndege."

Alimweleza yote akiwa amesimama, begi bado kichwani. Mzee alisikiliza huku akigeuza fimbo ya kupuria.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Na ulisimama hapa tukakuombea."

"Nilisimama."

"Basi mlikuwa wawili," mzee alisema. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Alisema tu kwamba atakaa hapo mpaka mumewe mwenyewe aje kumchukua.

Akakaa. Alilima shamba la mama mkwe, akachota maji, akala bila kuzungumzwa sana. Hakuna aliyetaja lile dume. Nicodemo hakuja. Likizo ilipokwisha zikaja habari kwamba amepita njia ya Babati na Katesh, mbali na Dongobesh, yuko kambini anafanya kazi. Mzee akatoa ruhusa kwa shingo upande: watoto hawana kosa, waende shule.

Benedikta alipofika kambini wanawake walikuwa bombani.

"Mama Letisia! Karibu kutoka Marekani!"

Walijua kila kitu. Walijua hoteli ya minara, walijua pango, walijua kwamba yeye alitapika siku ya pili. Nicodemo, yule asiyefungua mdomo, alikuwa amewasimulia siku tatu mfululizo, akaeleza pia kwamba mkewe amepitia Dongobesh kuwasalimu wazee.

Benedikta alishusha begi. "Hatukwenda," alisema. "Tulikaa Arusha, ndani ya chumba."

Kisha Mwantumu, muuza maandazi, akacheka. "Jamani, huyu anaficha zawadi! Sema tu hukutuletea kitu."

"Hatukwenda, Mwantumu. Muulizeni Halfani."

Halfani alikuwa anapita na daftari lake. Wakamwita. Alimtazama Benedikta, akainamisha macho. "Mimi safari za watu siijui hata moja," alisema, akaenda zake.

Benedikta alirudia mara ya tatu. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, na mmoja akamwambia kwamba Ulaya imemfundisha uchoyo.

Nyumbani alimkuta Nicodemo amekaa kitandani na viatu vyake miguuni. Alikuwa amekonda.

"Umewaambia?" aliuliza.

"Nimewaambia. Hawakuniamini."

Alidhani mumewe atashusha pumzi. Badala yake alijifunika uso kwa viganja. "Wananiuliza kila siku," alisema. "Asubuhi karakana, mchana kantini. Sina tena pa kutokea."

Jumamosi alipanda gari la shamba kwenda kwa baba yake. Alimwomba mkewe wafuatane.

"Mimi nimeshasema langu," Benedikta alijibu.

Yaliyotokea aliyasikia baadaye kutoka kwa mama mkwe. Mzee Margwe alimwacha mwanawe amesimama uwanjani, akatuma watu kuwaita wale wazee walioomba. Walikuja mmoja mmoja, wengine kutoka kijiji cha Bashay, na kila aliyefika Nicodemo alitakiwa aanze upya: kwamba njia waliyoiombea haikuwapo. Jua lilipoelekea kuzama alikuwa amesema mara saba, na sauti imekauka. Ndipo akapewa maji na mahali pa kukaa, karibu na mlango, mbali na baba.

Jumatatu alirudi karakana. Alijaribu kuwaambia mafundi wenzake, nao wakampiga mgongoni wakacheka, wakamtaka aeleze tena lile pango.

Wiki hiyo hiyo Letisia alirudi kutoka shule na alama mbili za fimbo kwenye miguu. Mwalimu alikuwa amemwita mbele ya darasa asimulie Marekani, akakataa, ikaonekana ni kiburi.

"Ulimjibu nini?" Benedikta aliuliza.

"Sikumjibu. Ningesema nini?"

Nicodemo alikuwa amekaa akila. Aliacha chakula, akanawa, akalitoa shati la kanisani. Asubuhi iliyofuata alilivaa, wala hakwenda kazini. Alimshika Letisia mkono, wakatembea pamoja barabara ya katikati ya ngano iliyovunwa, na Benedikta akawaona kupitia mlangoni mpaka walipopinda.

Letisia alisema baba yake aliongea kama dakika tano mbele ya watoto arobaini, akieleza kwamba hawakwenda, akikosea maneno. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kama alimwamini, hakusema. Lakini Letisia hakuitwa mbele tena.